Kipokezi cha Neva Kinatafuta Nini kwenye Figo ya Chura?

Acha daftari wazi usiku juu ya meza iliyo chini ya taa. Asubuhi utakuta mjusi kafiri amekuachia alama yake: kipande cheusi kidogo kama punje ya mchele, na kwenye ncha yake nukta nyeupe kama chokaa. Wengi tunaifuta kwa hasira bila kuitazama. Lakini ile nyeusi na ile nyeupe hazikutoka sehemu moja. Nyeusi ni mabaki ya mbu na nondo yaliyopita tumboni. Nyeupe ni mkojo. Mjusi hana maji ya kuchezea, kwa hiyo ini lake hugeuza taka ya protini kuwa asidi ya yuriki, ileile inayowaletea watu jongo ikijikusanya kwenye viungo. Figo huitoa kwenye damu, na mwishowe inatoka ikiwa ujiuji mzito mweupe, ikakauka palepale kwenye ukurasa wako.

Figo hiyo ya mjusi, pamoja na ya chura, ndiyo ninayotaka tuitazame kwa karibu, kwa sababu ya swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani mtu kachanganya mafaili. Vipokezi vya protini inayokuza neva, yaani mishipa ya fahamu, vinatafuta nini ndani ya figo? Figo inachuja damu na kupima chumvi na maji. Kukuza neva kunaihusu nini?

Kwa maoni yangu, anayetupoteza hapa ni jina. Mara nyingi protini hupewa jina la kazi iliyoonekana mara ya kwanza, na jina likishaganda halibanduki. Mjusi huyuhuyu amebandikwa ukafiri kwa sababu ya kisa ambacho watoto wa pwani husimuliwa, kwamba aliupuliza moto wa Nabii Ibrahim ili uzidi kuwaka. Kazi yake ya kila usiku ni kula wadudu wetu, lakini nani amewahi kumwita mjusi mla mbu?

Tuanze na jina lenyewe lilikotoka. Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909. Sheria za ubaguzi za serikali ya Mussolini za mwaka 1938 zilimfungia milango ya chuo kikuu kwa kuwa alikuwa Myahudi, naye akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Vifaa vyake vilikuwa sindano za kushonea alizozinoa, na mayai ya kuku. Alichunguza jinsi neva zinavyokua na kufa ndani ya kiinitete cha kifaranga. Baada ya vita Viktor Hamburger alimwalika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Huko ikaonekana ajabu moja: ukipandikiza uvimbe fulani wa saratani ya panya kwenye kiinitete cha kifaranga, neva huukimbilia na kuujaa kana kwamba zimeitwa. Uvimbe ulikuwa unatoa kitu. Kitu gani?

Aliyekuja kukisaka kitu hicho kwa njia za kikemia ni Stanley Cohen, na hapa ndipo reptilia anapoingia kwenye hadithi, mapema kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Cohen alitaka kujua kama kitu hicho ni protini au ni asidi za kiini cha seli. Akatumia sumu ya nyoka, kwa sababu ndani yake mna kimeng'enya kinachovunja asidi hizo. Kama nguvu ya kitu hicho ingepotea, angejua ni asidi. Haikupotea. Iliongezeka mno, neva zikatoka kwenye fundo lake pande zote kama miali ya jua. Sumu yenyewe ilikuwa imejaa kile alichokuwa anakitafuta, tena kwa wingi ulioupita uvimbe kwa mbali sana. Cohen akafikiri hatua moja mbele: tezi ya sumu ya nyoka ni tezi ya mate iliyobadilika, basi tuangalie tezi ya mate ya panya. Akakikuta humo pia, na tezi ya dume ilikuwa nacho kingi kuliko ya jike. Tuikumbuke hiyo habari ya dume na jike, maana tutairudia.

Protini ikaitwa kwa kazi iliyokuwa mbele ya macho yao, kukuza neva, na ulimwengu wa sayansi unaifahamu kwa herufi tatu, NGF. Levi-Montalcini na Cohen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Hamburger hakuguswa, na kuna wanaonung'unika hadi leo.

Ila angalia ilikopatikana: uvimbe wa saratani, sumu ya nyoka, mate ya panya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni neva. Tangu siku ya kwanza protini hii ilikuwa inatuambia kwamba ina shughuli nyingine mjini.

Protini ya namna hii ikifika kwenye seli hupiga hodi nje. Anayeitikia ni kipokezi, protini nyingine iliyopenya ukuta wa seli, kichwa nje na mkia ndani. NGF ina vipokezi viwili, na havifanani hata kidogo. Cha kwanza kinaitwa TrkA. NGF ikikishika, TrkA mbili husogeleana na kutiana alama za fosfati mikiani, na ujumbe ukaenda hadi kwenye kiini cha seli: ishi, kua, nyoosha matawi. Cha pili kinaitwa p75, kwa sababu ya uzito wake tu. Hiki ni cha ukoo mwingine kabisa, ukoo wa vipokezi vinavyoshughulika na uvimbe wa maradhi na kinga, na mkiani kina sehemu inayoweza kuiamuru seli ijiue. Seli yenye vyote viwili husikia jambo moja, na seli yenye p75 peke yake huenda ikasikia jambo lililo kinyume. Zaidi ya hapo, NGF kabla haijakatwa na kukamilika, ikiwa bado na kipande chake cha awali, huipenda p75 kuliko TrkA. Hodi ni ileile, ila anayefungua mlango ndiye anayeamua mgeni amekuja kwa heri au kwa shari.

Jina la TrkA nalo ni ajali. Jeni yake ilinaswa mwaka 1986 ndani ya saratani ya utumbo mpana, ikiwa imekatika na kujiunga kimakosa na jeni ya tropomiosini, protini ya misuli. Herufi zake zinatokana na kosa hilo. Ilipofika mwaka 1991 ndipo ilipothibitika kwamba mwenyewe, akiwa mzima, ni kipokezi cha NGF. Kwamba neva kweli zinamhitaji, hilo halina ubishi: watoto wanaozaliwa na jeni hiyo ikiwa na hitilafu hawasikii maumivu wala hawatoki jasho, na hujing'ata ulimi na vidole bila kujua.

Sasa figo. Mwaka huohuo wa 1991 watafiti wa Helsinki wakiongozwa na Hannu Sariola walichapisha jambo lililowashtua wengi. Walichukua figo changa za viinitete vya panya, wakazikuza kwenye sahani za maabara, kisha wakatumia vipande vifupi vya asidi ya kiini vilivyoundwa kuzuia p75 isitengenezwe. Figo zikadumaa. Ilionekana kwamba bila kipokezi cha neva hakuna figo. Habari tamu. Lakini mwaka uliofuata walipatikana panya waliofanyiwa marekebisho wasiwe na p75 ya kawaida tangu mimba. Walizaliwa, wakakua, wakazaa. Shida yao ilikuwa kwenye hisia za ngozi na vidonda vya miguu, na figo zao zilifanya kazi.

Wapo waliosikia habari hiyo wakafunga faili. Mimi naona walifunga mapema. Jaribio la panya linatuambia kwamba mamalia anaweza kujenga figo bila p75. Halituambii p75 inafanya nini inapokuwepo, wala halimsemei mnyama ambaye figo yake imejengwa kwa namna nyingine. Na kwenye hilo, chura na mjusi wana mengi ya kutuonyesha.

Mwenye uti wa mgongo anapokua ndani ya yai au mimba, hujenga figo kwa zamu. Ya kwanza huota karibu na shingo, ndogo na rahisi. Ya pili huifuata kwa nyuma, ndefu kando ya mgongo. Ya tatu huja mwisho, karibu na nyonga. Mamalia, ndege na reptilia huishi kwa ile ya tatu, na zile mbili hupotea au hubaki vipande. Chura haendi mpaka huko. Kiluwiluwi anaishi kwa figo ya kwanza, na ni figo ya kweli: ukiiharibu, kiluwiluwi huvimba maji na kufa. Anapoota miguu na kupoteza mkia, figo hiyo nayo hufa seli kwa seli kwa amri ya homoni ya tezi ya shingo, na ile ya pili inashika kazi kwa maisha yake yote. Kwa hiyo ndani ya mnyama mmoja, kwa siku chache, una figo moja inayojiua na nyingine inayojengeka, zikiwa karibukaribu. Mtu anayetaka kujua kama kipokezi chenye mkia wa kuamuru kifo kina kazi kwenye figo angetafuta mahali gani pazuri kuliko hapo? Panya hawezi kukupa nafasi hiyo. Yake yote yametokea tumboni mwa mama.

Tofauti ya pili iko kwenye maji. Figo yetu ina mirija iliyojikunja kama kipini cha nywele, ambayo hukamua maji kutoka kwenye mkojo na kuyarudisha mwilini. Figo ya chura haina mirija hiyo. Ya mjusi pia haina. Mkojo unaotoka kwenye figo zao hauwezi kuwa mzito kuliko damu yao. Kiangazi kikibana wanafanyaje? Wanafunga vichujio. Kila figo ina vichujio vingi vidogo, kila kimoja kikiwa fundo la mishipa ya damu mwanzoni mwa mrija wake, na wanyama hawa wanaweza kuvizima kimoja kimoja kama mtu anayezima taa za vyumba visivyo na watu.

Jambo hili lilionekana kwa macho. Mwaka 1924 huko Philadelphia, A. N. Richards na wenzake waliiweka figo ya chura aliye hai chini ya hadubini. Figo ya chura ni bapa na nyembamba, mwanga unapenya, na vichujio vingine viko juujuu. Waliona damu ikipita kwenye kichujio kimoja, ikakoma, jirani yake akafunguka. Mwaka huohuo Richards na Joseph Wearn walichoma sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele ndani ya kichujio kimoja na kufyonza tone la majimaji yake. Sehemu kubwa ya tunayofundishwa kuhusu figo ya binadamu ilianzia kwenye tone hilo la chura.

Wanaofunga na kufungua ni homoni, hasa vasotosini, pamoja na neva na adrenalini inayobana mishipa ya damu. Neva zinazoshika mishipa hiyo ni za kundi lilelile ambalo haliwezi kuishi bila NGF. Kundi la Levi-Montalcini lilionyesha hilo karibu mwaka 1960: walipowachoma panya wachanga kingamwili dhidi ya NGF, neva hizo zilikufa karibu zote. Basi dhana ya kwanza ni rahisi, na ndiyo ningeiwekea dau la kwanza. Ukikuta TrkA kwenye figo ya chura, huenda umekuta tu ncha za neva zilizokuja kushika mishipa ya damu. Kipokezi kiko nyumbani kwake, figo ni mwenye nyumba tu.

Lakini kikionekana kwenye ukuta wa mrija wenyewe, au kwenye seli zinazoshikilia kichujio, hesabu inabadilika, maana hizo si neva. Na kuna sababu ya kukitarajia huko. Kwetu sisi figo humaliza kutengeneza vitengo vyake vya kuchuja kabla hatujazaliwa, kwenye wiki ya 36 au hapo karibu. Ulichozaliwa nacho ndicho utakachozeekea. Baadhi ya reptilia, kobe wakiwemo, wameonekana wakiendelea kuchipua vitengo vipya hata baada ya kutoka kwenye yai. Figo inayochipua ni figo inayohitaji amri za kukua, na amri za kukua ndizo vipokezi hivi vinazozijua.

Kuna jambo jingine linalonivutia kuliko hayo yote, nalo ni la dume. Mwaka 1903 Wafaransa wawili, Regaud na Policard, walieleza sehemu ya mrija wa figo ya mijusi na nyoka madume ambayo hunenepa wakati wa kujamiiana. Seli zake hurefuka na kujaa chembechembe, kisha humwaga utomvu unaoteremka hadi kwenye kloaka, tundu moja la haja na la uzazi, na kukutana na shahawa. Wakaiita sehemu ya kijinsia. Homoni ya kiume, testosteroni, ikishuka, sehemu hiyo inasinyaa. Kwa jike, mrija huo hubaki mwembamba. Figo hiyo, kwa ufupi, ni figo na ni tezi ya uzazi kwa pamoja. Chura dume naye hajambo: mbegu zake nyingi hupita ndani ya figo ndipo zitoke nje.

Ile tezi ya mate ya panya niliyoomba tuikumbuke ina NGF nyingi kwa dume kwa sababu testosteroni inaiamuru. Na mwaka 2012 watafiti waliokuwa wakisaka kitu kilichomo kwenye shahawa za lama, yule jamaa wa ngamia wa Amerika Kusini, kinachomfanya jike aachilie yai, waligundua kwamba kitu hicho ni NGF yenyewe. Miaka 60 tumeiita ya neva, kumbe kwa lama ni barua ya dume kwa jike. Sasa weka mbele yako mrija wa figo ya mjusi, unaotii testosteroni, unaomwaga protini ndani ya shahawa. Mimi ningeanza kutafuta hapo, NGF kwanza, vipokezi baadaye. Simwambii mtu kwamba iko. Nasema hapo ndipo swali lina mashiko.

Tatizo ni kwamba kutafuta kwenyewe kuna mitego, na figo ni bingwa wa kuitega. Njia ya kawaida ni kukata kipande cha figo chembamba, unene wa mikroni tano hivi, na kukimwagia kingamwili iliyotengenezwa ndani ya sungura dhidi ya kipande cha TrkA ya binadamu au ya panya. Kingamwili ikinasa, rangi ya kahawia hutokea. Mtu anapiga picha, anaandika kwamba kipokezi kipo. Polepole! Figo ina biotini nyingi ya kwake, na njia mojawapo maarufu ya kuleta hiyo rangi hutegemea biotini, kwa hiyo figo hugeuka kahawia hata kama hakuna kipokezi. Viungo vya chura, figo ikiwemo, huwa na seli zenye rangi nyeusi na kahawia kiasili. Na TrkA ya chura si nakala ya TrkA ya panya. Koo hizi zimeachana zaidi ya miaka milioni 300, na kingamwili inaweza kumshika ndugu, TrkB au TrkC, au mtu baki kabisa. Mtafiti makini hupima uzito wa protini iliyonaswa kama unalingana na unaotarajiwa, hutafuta pia ujumbe wa jeni kwenye seli hizohizo, na huweka kando kipande kisichotiwa kingamwili ili aone rangi ya uongo ikoje. Ukisoma ripoti ya namna hii, anza kwa kutazama kama kipande hicho cha kando kimeonyeshwa. Kama hakipo, rangi ya kahawia ni rangi ya kahawia tu.

Mtego mwingine ni mnyama mwenyewe. Chura anayetumika zaidi maabara duniani ni wa Afrika, yule wa majini mwenye kucha, Xenopus laevis wa kusini mwa bara. Jinomu yake, iliyochapishwa mwaka 2016, ilithibitisha kwamba ni mwana wa koo mbili zilizochanganyika, kwa hiyo jeni zake nyingi zina nakala mbili, na ukizima moja ya pili inaweza kushika kazi. Na jamaa zake wanafanana kiasi cha kuwahadaa wakubwa. Katika miaka ya 1970 maabara ya Donald Brown nchini Marekani ilichapisha kazi muhimu za jeni juu ya chura aliyedhaniwa kuwa Xenopus mulleri. Mwaka 1977 ikabidi waandike upya: kumbe alikuwa Xenopus borealis, chura wa nyanda za juu za Kenya. Kazi haikuharibika, ila jina lilikuwa la mwingine.

Ndiyo maana nikiulizwa leo nani afanyiwe jaribio la ile sehemu ya kijinsia, simtaji Xenopus. Namtaja yule aliyechafua daftari. Anapatikana kila ukuta wenye taa, spishi yake inatambulika kwa magamba ya vidole na mkia, na dume hujulikana kwa vitundu vidogo vilivyopangana mbele ya kloaka. Chukua dume na jike kutoka ukuta mmoja, usiku mmoja. Kata figo zote mbili, zitie kingamwili dhidi ya NGF kwenye sahani moja, na vipande viwili vya kando visitiwe chochote. Tazama mrija uleule kwa wote wawili. Kwa dume utauona umenenepa, umejaa chembechembe. Kilichobaki ni kuona kama chembechembe hizo zitageuka kahawia na mrija wa jike utabaki mweupe.